Je, Wajua? Kompyuta Hailali Hadi Kufuli Ziachiwe

Ukifunika kompyuta mpakato inayotumia Linux, kiini cha mfumo endeshi hakizisimamishi programu ovyo. Kwanza hushika kufuli moja kuu, yaani alama ya kuzuia wawili wasiguse kitu kimoja kwa pamoja, ili maombi mawili ya kulala yasigongane. Kisha huzigandisha programu za mtumiaji, na kwa kawaida huzipa sekunde 20. Kwa nini kiini, chenye amri yote, kisubiri? Kwa sababu programu ikigandishwa huku imeshika kufuli ya diski, haitaiachia, na kiendeshi (yaani programu inayokiongoza kifaa) kinachoihitaji ili kuilaza diski hiyo kitangoja bila mwisho. Kwa hiyo programu hugandishwa katika vituo salama, hasa inapotoka ndani ya kiini ikiwa mikono mitupu. Moja ikikwama, pengine ikisubiri seva ya mafaili isiyojibu, usingizi wote husitishwa na zilizoganda huachiwa ziendelee.

Wapo wanaodai kwamba viendeshi vingeweza kujilinda vyenyewe dhidi ya programu zinazogusa vifaa wakati wa kulala, bila kuzigandisha. Kinadharia, naam. Lakini viendeshi ni vingi mno, vimeandikwa na mikono tofauti (mingine ya haraka haraka), na kosa katika kimoja tu latosha kuikwamisha mashine nzima.