Kreatinini Nzuri, Figo Dhaifu: Madhara ya Figo kwa Wenye Matatizo ya Ulaji

Matatizo ya ulaji ni magonjwa ya akili yanayoharibu uhusiano wa mtu na chakula pamoja na namna anavyouona mwili wake, na mawili kati yake ndiyo yanayoziumiza figo zaidi. La kwanza ni anoreksia, ambayo Ernest-Charles Lasègue wa Paris na William Gull wa London waliieleza, kila mmoja kwa upande wake, mwaka 1873, na ambamo mgonjwa hujinyima chakula hadi akakonda kupita kiasi huku akiendelea kuogopa unene. La pili ni bulimia, iliyoelezwa na Gerald Russell mwaka 1979, ambamo mgonjwa hula chakula kingi mno kwa muda mfupi kisha akajitapisha, akanywa dawa ya kuharisha au akafunga ili kufuta alichokula. Maelezo mengi kuhusu magonjwa haya huishia kwenye uzito na moyo, nazo figo hutajwa mwishoni ikiwa zitatajwa kabisa, ingawa zinaweza kuharibika kwa miaka kadhaa wakati majibu ya maabara yakisomeka kuwa ni mazuri.

Chanzo cha majibu hayo kupotosha ni kipimo chenyewe. Kreatinini ni taka inayozalishwa na misuli kila siku, ikachujwa na figo na kutolewa kwa mkojo, na kwa hiyo kiwango chake kinapopanda katika damu daktari huhitimisha kwamba figo zimepungua nguvu. Hesabu hiyo huchukulia kwamba mgonjwa ana misuli ya kiasi cha kawaida, jambo ambalo si kweli kwa mtu ambaye mwili wake umekuwa ukila misuli yake wenyewe ili upate nishati. Mekoni ambamo kuni ni chache jivu huwa kidogo hata kama hakuna anayelizoa, na vivyo hivyo mtu aliyekonda sana huwa na kreatinini ya chini hata pale ambapo figo zake zinashindwa kuiondoa.

Tofauti hiyo huonekana waziwazi kwa wanawake wawili wenye umri wa miaka 25, mmoja akiwa na kilo 60 na mwingine kilo 40, ambao wote wamepewa jibu la kreatinini la mikromoli 70 kwa lita. Kwa fomula ya Cockcroft na Gault, iliyochapishwa mwaka 1976 na ambayo huzingatia uzito, figo za wa kwanza husafisha takriban mililita 103 za damu kwa dakika na za wa pili takriban 68. Sehemu ya pengo hilo hutokana na udogo wa mwili tu, na fomula yenyewe hupungukiwa usahihi kwa watu waliokonda mno. Hata hivyo, fomula mpya zinazotumiwa na maabara nyingi haziuulizi uzito kabisa, na kwa hiyo zitawapa wanawake hao wawili jibu moja, tena la kuridhisha. Yurea, taka nyingine inayochujwa na figo, nayo haitoi uhakika, kwa kuwa uhaba wa protini katika chakula huishusha wakati uhaba wa maji mwilini huipandisha. Kipimo kinachofaa zaidi ni sistatini C, protini ndogo inayotengenezwa na karibu seli zote za mwili na isiyotegemea sana wingi wa misuli, na pale ambapo maabara haina uwezo wa kuipima, kukusanya mkojo wa saa 24 husaidia.

Madhara makubwa zaidi hupitia kwenye potasiamu, madini ambayo misuli, moyo na figo huyahitaji kila wakati, na ambayo kiwango chake cha kawaida katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita. Wengi hudhani kwamba anayejitapisha huipoteza potasiamu katika matapishi, lakini lita moja ya maji ya tumboni ina takriban milimoli 10 tu, kiasi ambacho peke yake kisingetosha kumshusha mtu hadi kwenye hatari. Kinachopotea kwa wingi ni maji, chumvi na asidi. Maji na chumvi vinapopungua, ujazo wa damu hushuka, nazo figo huuhisi upungufu huo na kuamsha mfululizo wa homoni unaoishia kwenye aldosteroni, homoni ya tezi zilizokaa juu ya figo, ambayo huziamuru figo kuizuia sodiamu isitoke. Sodiamu inaporudishwa mwilini, potasiamu husukumwa kwenye mkojo. Wakati huohuo kupotea kwa asidi huacha bikaboneti nyingi katika damu, na figo zinapoitoa ziada hiyo hutoa na potasiamu nyingine pamoja nayo. Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya potasiamu hutupwa na figo zenyewe, zikiwa katika jitihada za kuuokoa mwili usikauke.

Dawa za kuharisha, zile ambazo wazee huziita haluli, hufikia matokeo hayohayo kwa njia ya choo. Majani ya sanamaki, yanayojulikana tangu zamani katika pwani ya Afrika Mashariki na Uarabuni, ni dawa halali ya kutibu kufunga choo inapotumiwa kwa siku chache, lakini majani hayohayo huwekwa katika baadhi ya chai zinazouzwa kwa ahadi ya kupunguza tumbo, na anayeyanywa kila siku hupoteza maji na potasiamu bila kupoteza mafuta ya mwili, kwa kuwa sehemu kubwa ya chakula imekwisha kufyonzwa kabla dawa haijafanya kazi katika utumbo mpana. Ni jambo la kusikitisha kwamba bidhaa hizo hutangazwa kana kwamba ni kinywaji cha kawaida. Vidonge vya kuongeza mkojo navyo ni hatari, maana huilazimisha figo moja kwa moja kutoa chumvi na potasiamu.

Potasiamu inapobaki chini kwa miezi na miaka, seli za mirija ya figo, yaani vijia vyembamba ambamo mkojo hutengenezwa, huvimba na kujaa vishimo, na baadaye nafasi zilizo kati ya mirija hiyo huota makovu. Dalili ya mapema ni figo kushindwa kuukoleza mkojo, hivyo mgonjwa huamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo na kuwa na kiu isiyoisha, mambo ambayo ni rahisi kuyahusisha na kisukari. Mkojo unapokuwa haba kwa sababu ya kuharisha, mawe ya figo nayo hujitokeza. Baadhi ya wagonjwa hufikia hatua ya kuhitaji kusafishwa damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki, na makovu yakishaota hayaondoki.

Katika Afrika Mashariki, ambako kukonda hufikiriwa kwanza kuwa dalili ya kifua kikuu au VVU, anayejinyima chakula huweza kupimwa kila kitu isipokuwa kuulizwa anakula nini, na mwenye bulimia, ambaye mara nyingi ana uzito wa kawaida, hatiliwi shaka kabisa. Ishara zipo kwa anayezitazama: sugu kwenye vifundo vya vidole vinavyoingizwa kooni, mashavu yaliyovimba kwa sababu ya tezi za mate, meno yaliyolika kwa asidi. Potasiamu ya chini isiyo na sababu, ikiambatana na kloridi ya chini katika mkojo, huelekeza kwenye kutapika kunakofichwa. Na swali linaloulizwa faraghani, kwa upole na bila lawama, hufichua mengi kuliko vipimo vyote viwili.

Tiba inahitaji tahadhari yake. Chakula kinaporudishwa kwa haraka, fosfati ya damu huporomoka kwa sababu seli huivuta ndani ili kutumia sukari, na upungufu mkubwa huweza kuivunja misuli, ambayo mabaki yake huziumiza figo. Ndiyo maana siku za mwanzo hupimwa fosfati, potasiamu na magnesiamu mara kwa mara. Aidha, mgonjwa anapoacha kujitapisha au kunywa dawa za kuharisha, aldosteroni hubaki juu kwa muda, figo huendelea kuzuia chumvi, miguu na uso huvimba na mizani hupanda kilo kadhaa ndani ya siku chache, hasa akiwekewa dripu ya chumvi kwa kasi. Mgonjwa asiyeelezwa mapema huuona uvimbe huo kuwa unene anaouogopa na kukimbilia tena vidonge vya mkojo, hivyo mzunguko ukaanza upya. Daktari au muuguzi anapaswa kumweleza kabla ya siku ya kwanza ya matibabu kwamba yale ni maji, kwamba figo zake zinachukua muda kuamini kuwa ukame umekwisha, na kwamba uvimbe kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache ilimradi dawa zile hazijarudiwa.