Asiyesoma Haraka Si Mvivu: Simu Yaweza Kumsaidia

Hapa Mwanjelwa mtoto aliyekulia karibu na soko aweza kukokotoa chenji kichwani na kusimulia habari ndefu kwa ufasaha, lakini akifunguliwa kitabu husita silabi kwa silabi. Tunamwita mvivu, na fimbo hufuata. Huenda mtoto huyo ana disleksia, yaani ugumu wa kuzaliwa nao wa kuoanisha herufi na sauti zake, ambao haupunguzi akili.

Kiswahili chaweza kuuficha ugumu huo. Kwa kuwa maandishi yake hufuata matamshi, mtoto husoma sahihi ila polepole mno. Mambo humzidi afikapo kidato cha kwanza, ambako masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza, lugha ambayo maandishi na matamshi yake mara nyingi hayafuatani. Basi tusingoje hadi huko. Tumpime macho na masikio hospitalini, kisha tuzungumze na mwalimu wake.

Mkoani Tanga, mashindano ya XPRIZE yaliyohitimishwa mwaka 2019 yaliwapa maelfu ya watoto vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kujifunza kusoma. Hazikutungwa kwa ajili ya disleksia, ila zina funzo kwetu: mbele ya kifaa, mtoto hurudia sauti ya herufi mara nyingi bila kuchekwa.

Nasi tunazo simu. Tangu mwaka 2017, Google imewezesha kuandika kwa kusema Kiswahili: mtoto hutamka, maneno yakajiandika. Simu janja nyingi pia hukuza herufi na kusoma maandishi kwa sauti. Asiye na bando arekodi sauti yake akisoma ukurasa, na mtoto aufuatishe kwa kidole. Ustadhi naye aweza kurekodi aya chache kwa mwanafunzi wake wa madrasa. Hata hivyo, simu haichukui nafasi ya mwalimu. Dakika chache za kufunzwa sauti za herufi kila siku hazina badala.

Mtume (s.a.w.), katika Hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha (r.a.), alibainisha kuwa asomaye Qur'an kwa taabu ana ujira mara mbili. Ikiwa Mwenyezi Mungu humlipa anayesita, sisi twampigia nini?