Usimkatishe tamaa mwanao anayetaka kutibu dharura za wazee



Huenda nyumbani kwako yupo kijana aliyemaliza udaktari na sasa anasomea ubingwa wa tiba ya dharura. Hapa Tanzania ubingwa huo ulianza kufundishwa Muhimbili mwaka 2010. Akikuambia kuwa anataka kujikita kwenye dharura za wazee, usimjibu, "Wazee wamekwishakula chumvi, wewe soma upasuaji upate fedha." Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, tena barazani baada ya swala ya Ishaa.

Mimi ni tabibu wa kawaida, si bingwa. Zamu moja aliletwa kwangu bibi wa miaka 78. Hana homa, hakohoi. Mwanawe akasema tu, "Tangu jana Alasiri hajui ameswali rakaa ngapi." Nikaona ni uzee, nikampa vitamini, wakarudi nyumbani. Kesho yake wakamrudisha anahema. Ilikuwa nimonia. Alhamdulillah alipona, lakini siku nzima ya matibabu ilipotea kwa sababu yangu.

Msomaji, uzee hauji kwa siku moja. Mzee aliyekuwa na akili zake jana na leo amechanganyikiwa ni mgonjwa, na huenda maradhi yako kwenye mapafu, mkojo, sukari au hata dawa alizopewa. Mwili wa mzee huficha. Anaweza kupata mshtuko wa moyo bila kifua kuuma, akalalamika uchovu tu. Akianguka, usitazame mfupa peke yake, uliza kilichomwangusha. Hata presha hudanganya: kijana mwenye 110 yuko salama, lakini mzee aliyezoea 160 akikutwa na 110 baada ya ajali, huenda anavuja damu ndani. Hayo hayajui kila aliyevaa koti jeupe.

Wamarekani waliliona hili mapema. Mwaka 2008 hospitali ya Holy Cross huko Silver Spring, Maryland, ilifungua sehemu ya dharura kwa ajili ya wazee. Mwaka 2014 vyama vinne vya kitaaluma vilitoa mwongozo wa pamoja, na tangu mwaka 2018 hospitali zinazotimiza masharti hupewa ithibati. Huko daktari akimaliza ubingwa wa dharura anaweza kuongeza mwaka mmoja au miwili ya dharura za wazee pekee.

Lakini kijana asingoje kumaliza. Njia hujengwa akiwa bado masomoni. Kila mwanafunzi wa ubingwa Muhimbili huandika utafiti, basi wake na uwe juu ya wazee: wangapi huletwa wamechanganyikiwa, wangapi huandikiwa dawa zinazogombana. Aombe kukaa wiki kadhaa na mabingwa wa maradhi ya ndani, na wanaofanya mazoezi ya viungo, na wanaotunza wagonjwa wasio na tiba tena. Atafute mwalimu mmoja wa kumsimamia hata kama si bingwa wa wazee. Kisha awafundishe wauguzi wa zamu yake kumuuliza kila mzee swali moja: jana ulikuwaje? Akifanya hivyo miaka yote ya masomo, wenzake wataanza kumwita kila aletwapo mzee, na hapo kazi imeshapatikana kabla ya cheti.

Nawe nyumbani una sehemu yako. Ukimpeleka mzee, beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na za mitishamba, usione haya. Nenda na yule anayelala naye chumba kimoja, si yule mwenye gari tu. Atakapoulizwa mzee alianza lini kubadilika, aseme kwa nyakati za swala kama hajui saa. Yule mtoto wa bibi alinipa jibu lote kwa neno moja, Alasiri, na mimi sikulisikiliza.