Mlevi Naye ni Mgonjwa: Sista Aliyefungua Mlango wa Hospitali



Sisi tunaozunguka katika jumuiya ndogo ndogo hapa Kombewa tunaisikia habari hii kila mara. Baba amekunywa chang'aa mpaka shamba limebaki pori na karo haijalipwa. Wengine husema ni chira, wengine husema amelogwa, na wengine ati ni ujeuri tu, afungiwe chumbani akili imrudie. Leo tunaeleza jinsi mtawa mmoja alivyoliangalia jambo hili kwa njia nyingine.

Sista Ignatia alikuwa nani?

Alizaliwa mwaka 1889 huko Mayo, Ireland, akiitwa Bridget Gavin. Akiwa bado mtoto familia yake ilihamia Marekani. Mwaka 1914 alijiunga na Masista wa Upendo wa Mtakatifu Agustino, akawa mwalimu wa muziki kwa miaka mingi. Kazi ikamlemea, akaugua vibaya mwili na mishipa ya fahamu, ikabidi aache kufundisha. Alipopata nafuu alipewa kazi iliyoonekana nyepesi: kuandikisha wagonjwa katika hospitali ya Mtakatifu Thomas, mji wa Akron, jimbo la Ohio.

Mjini humo humo, mwaka 1935, Bill Wilson na daktari mpasuaji Bob Smith walianzisha chama cha Alcoholics Anonymous, kwa kifupi A.A. Wote wawili walikuwa walevi. Waligundua kwamba mlevi husaidika anapozungumza na mlevi mwenzake aliyeacha. Lakini shida ilikuwa kitanda. Hospitali nyingi wakati huo hazikutaka walevi, kwa kuwa walipiga kelele na hawakulipa.

Kitanda katika chumba cha maua

Tarehe 16 Agosti 1939, Daktari Bob alimwomba Sista amlaze mlevi mmoja. Sista akamwandikisha kuwa ana ugonjwa wa tumbo, akamlaza. Kesho yake Daktari akaomba mgonjwa apate mahali pa faragha, ili wenzake waliokwisha kuacha pombe waje kuzungumza naye. Vyumba vilikuwa vimejaa. Basi Sista akasukuma kitanda mpaka kwenye kachumba ka kupangia maua ya wagonjwa. Mwanzo wa kazi yenyewe ulikuwa huo tu.

Baadaye walipata wodi yao. Mgonjwa alikaa siku chache, kwa kawaida 5. Daktari alitibu mwili, Sista alisikiliza, na watu wa A.A. walikuja kusimulia maisha yao. Hakuna aliyeulizwa dhehebu lake. Daktari Bob mwenyewe hakuwa Mkatoliki. Siku ya kuondoka, Sista alimpa kila mmoja beji ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, na sharti moja: ukitaka kunywa tena, kwanza uje unirudishie beji.

Mpaka Daktari Bob alipofariki mwaka 1950, wagonjwa wapatao 5,000 walikuwa wamepitia mikononi mwao. Mwaka 1952 Sista alihamishiwa Cleveland, akaanzisha huko wodi iliyoitwa Rosary Hall. Alifariki tarehe 1 Aprili 1966.

Sisi tunajifunza nini?

Kwanza, kumfungia mlevi nyumbani ni hatari. Mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi, akikatizwa ghafula, anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, kupata kifafa, hata kufa. Ukiona dalili hizi, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali, na umwambie daktari ukweli juu ya pombe.

Pili, siku 5 za kitanda hazitoshi. Akirudi kwa marafiki wale wale na mtungi ule ule, ataanguka. Anahitaji mwenzake aliyeacha. A.A. ina mikutano Kenya pia. Hawatozi ada, sharti ni kutaka kuacha tu. Upande wa pili wa Ghuba ya Winam, kule Asumbi, kuna kituo cha Kanisa cha kutibu walevi. NACADA nao wana simu ya bure, namba 1192, ya kuomba ushauri.

Tatu, kumwita mgonjwa si kumwondolea wajibu. Deni ni lake, na mama na watoto aliowaumiza ni lazima awaombe msamaha. Lakini anayetukanwa kila siku hujificha, na aliyejificha hatibiki.

Sista Ignatia hakuwa daktari. Alikaa mezani pa kuandikisha, na kalamu yake ndiyo iliyofungua mlango. Katibu wa jumuiya, mwalimu, au jirani mwenye pikipiki anaweza pia.

Maswali ya kuzungumzia katika jumuiya:
1. Mlevi akija kwenye sala zetu, tunampokea namna gani?
2. Nani hapa kwetu ameacha pombe, na yuko tayari kumtembelea mwenzake?
3. Usiku mtu akishikwa na kifafa cha pombe, ni nani atampeleka hospitali?