"Bii", "be" au "b"? Wanachofunzwa watoto wetu wa Gredi ya Kwanza wiki hii



Juzi baada ya swala ya Alasiri, jirani yangu alinijia barazani na daftari la mwanawe mkononi. Mtoto ana miaka sita, ameingia Gredi ya Kwanza mwezi huu katika shule ya serikali. "Wiki ya tatu hii," akaniambia, "na mtoto hajui ei, bii, sii. Nikimwonyesha herufi ananitolea sauti tu, mmm, mmm, kama ng'ombe. Hawa walimu wanafunza nini?" Alikuwa tayari kumhamisha kumpeleka shule ya kibinafsi, na karo yenyewe hana.

Nililifungua lile daftari. Mwalimu alikuwa ameandika m, kisha a, kisha ma. Chini yake mtoto ameandika kwa penseli, mistari ikipanda na kushuka: mama. Nikamwambia jirani, mwanao ameanza kusoma, ila wewe hujamsikia.

Najua si yeye peke yake, kwa hivyo leo tuelezane.

Kwanza masomo yenyewe. Mtaala wa umilisi, ambao wengi wetu tunauita CBC, ulianza nchi nzima Januari 2019. Baada ya ripoti ya jopo la Profesa Raphael Munavu mwaka 2023, masomo ya Gredi ya Kwanza hadi ya Tatu yalipunguzwa kutoka tisa hadi saba: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, lugha ya mama, mazingira, elimu ya dini na shughuli za ubunifu. Kila kipindi ni nusu saa, kwa sababu mtoto wa miaka sita hawezi kutulia zaidi ya hapo. Kwenye Hisabati wanahesabu vitu vya kushika: vijiti, vifuniko vya soda, hata komwe za bao ukimpa. Kwa hivyo mtoto akikuomba vifuniko ishirini jioni, usimfokee. Ndiyo Hisabati yake ya kesho.

Lakini kazi kubwa ya mwaka huu ni moja: kusoma. Na mtoto hafunzwi tena kukariri majina ya herufi kama tulivyofanya sisi. Anafunzwa sauti. Anasikia m, anasikia a, anaziunga anapata ma. Akishajua kuunga, anasonga kwenye me, mi, mo, mu, halafu maneno, halafu sentensi. Njia hii ilienea katika shule za serikali kwa mpango wa Tusome ulioanza mwaka 2015, na Kiswahili kinaifaa sana. Kwetu herufi a ni a popote uikutapo. Kiingereza hakiko hivyo, herufi moja hubadilika sauti kila neno. Ndiyo maana mtoto anaweza kusoma Kiswahili vizuri huku Kiingereza kikimsumbua bado. Hilo ni jambo la kawaida.

Sasa tazama mkanganyiko tunaomtia sisi wenyewe. Asubuhi mwalimu wa shule anamwonyesha b na kumwambia aitamke sauti yake. Alasiri yuko chuoni, maalim anamfunza kuwa "be" ni ile yenye nukta moja chini. Usiku mama anamuuliza, na jibu analolitaka ni "bii". Sauti moja, mtoto ana miaka sita, watu wazima watatu, kila mmoja na lake, na wa mwisho ana mwiko mkononi.

Kinachonisikitisha ni kwamba chuo na shule vinafunza ufundi ule ule. Maalim akisema be kwa fataha ni ba, kwa kasra ni bi, kwa dhuma ni bu, anamfunza kuunga sauti, sawasawa na mwalimu wa Gredi ya Kwanza. Hata neno "irabu" wanalotumia walimu wa Kiswahili kwa a, e, i, o, u limetoka kwenye Kiarabu, kama lilivyotoka "herufi" na "darasa". Mtoto wa chuoni ana a, i na u tayari. Amebakisha e na o tu. Hata sauti za dh, th na gh, ambazo watoto wa kwingine huzihangaikia, wetu wengi huzisikia chuoni na nyumbani tangu wachanga.

Kuna mambo mawili yanayowatatiza watoto wa hapa, na mzazi ayajue. La kwanza ni mkono. Chuoni wanaandika kutoka kulia, shuleni kutoka kushoto. Mtoto akigeuza b ikawa d, au akaanzia upande usio wake, usimpige. Mwekee nukta ndogo pale anapotakiwa kuanzia. Atazoea.

La pili ni lugha. Mtoto wa Mombasa au Lamu anaonyeshwa picha ya njia, anasema "ndia". Anaonyeshwa macho, anasema "mato". Hajakosea, amesema Kiswahili cha bibi yake. Kiswahili cha vitabuni kilisanifiwa kwa msingi wa Kiunguja, uamuzi uliofanywa hapa hapa Mombasa mwaka 1928. Mwalimu mwema humwambia, "Nyumbani ni ndia, kitabuni tunaandika njia." Mtoto akichekwa darasani siku hiyo, kesho hatafungua mdomo, na asiyefungua mdomo hasomi.

Kwa nini nalitilia mkazo? Kwa sababu muda ni mfupi. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera inataka watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wafunzwe kwa lugha ya eneo lao. Kuanzia Gredi ya Nne, masomo huendeshwa kwa Kiingereza. Aliyefika huko hajui kuunga sauti hata kwa lugha aliyoinyonya na maziwa, atasomaje sayansi kwa lugha ya kigeni? Wengi wa vijana tunaowaona vijiweni walipotea hapo, si sekondari.

Basi jioni ya leo, mzazi, tenga dakika kumi. Weka simu kando. Usimuulize "hii herufi inaitwaje", muulize "inatoa sauti gani?" Mwache aunge mwenyewe, hata akichelewa. Msomeshe jina la dukani, la kwenye pakiti ya unga, la kwenye matatu. Na ukipata nafasi, mweleze maalim wa chuo mtoto amefika wapi shuleni, na mwalimu wa shule amefika wapi chuoni. Hawa wawili wanamlea mtoto mmoja, na mara nyingi hawajawahi hata kusalimiana.

Jirani yangu alimwita mwanawe pale pale barazani, akamwekea kidole kwenye daftari. Mtoto akavuta pumzi: "Mmm... a... ma. Mama." Babake akanyamaza kidogo, kisha akamwambia, "Rudia tena nikusikie."