Ngoma za Watoto Zisimezwe na Giza

Ndugu zetu wengi wa visiwani huzijua ngoma za Wanyaturu na Wanyiramba wa Singida kwa picha tu. Inasikitisha, basi, watoto wanapocheza ukumbini na picha zikatoka na ukungu. Flashi si dawa: umbali ukiongezeka maradufu, mwanga wake hubaki robo, wa mbele hupauka, wa nyuma humezwa na giza. Mpiga picha na afungue lenzi kabisa, angojee kilele cha mruko. Hapo mwili hutulia kidogo, na hata kasi ya 1/125 ya sekunde yaweza kuunasa. Nanyi maofisa wa utamaduni, hamna budi kuongeza taa jukwaani, au kufungua madirisha mchana. Mtoto hukua, ushahidi ni picha.