Ufilisi wa Mume na Mke katika Sheria ya Marekani
Sehemu ya Pili: Deni la Nani, na Mali ya Nani

Katika makala iliyotangulia nilizieleza njia mbili ambazo sheria ya Marekani humfungulia mtu aliyelemewa na madeni: ile ya Sura ya 7, ambayo mali yake isiyokingwa huuzwa, wawia wakagawiwa thamani yake, na madeni yaliyosalia, ila yale yasiyofutika, yakafutwa katika muda wa miezi michache, na ile ya Sura ya 13, ambayo mwenye pato huachiwa mali yake kwa sharti la kulipa sehemu ya madeni kwa mpango wa miaka mitatu hadi mitano uliothibitishwa na mahakama. Leo naingia katika jambo ambalo sikupenda kulipitia juujuu, nalo ni hali ya mwiwa mwenye mke, au mwenye mume. Na walio mbele ya macho yangu hasa ni ndugu zetu waliohamia huko, wawe wametoka Mombasa na Tanga au Bukavu na Bujumbura, ambao wamefika Minneapolis, Houston na Baltimore wakiwa na mazoea yetu ya ndoa na ya mali, wakadhani kuwa mahakama ya huko nayo inayajua.

Sisi watu wa pwani tumelelewa katika fikihi isemayo kwamba mali ya mke ni yake, mume hana haki nayo ila kwa ridhaa yake mwenyewe. Kwamba mahari isiyolipwa ni deni juu ya mume kama deni jingine lolote. Na kwamba kadhi akimwekea mume hajri, yaani akimzuia kuitumia mali yake, kwa sababu ya kufilisika, dhahabu na shamba la mke haviguswi. Waliolelewa bara chini ya mafundisho ya kanisa, aghalabu, huelekea upande mwingine, wakaona kuwa maadamu mume na mke wamekuwa mwili mmoja, basi na mkoba wao ni mmoja, na deni la huyu ni la yule. Kila kundi hufika kwa wakili likiwa na yakini yake, na kila kundi huenda likapata na huenda likakosa, kwa kuwa jibu halimo katika dini yao wala katika mila yao, bali limo katika jimbo wanalokaa. Ufilisi wenyewe ni sheria ya dola yote ya Marekani, na kesi zake husikilizwa katika mahakama za dola. Lakini sheria hiyo, itakapo kujua ni mali gani ya mume na ni ipi ya mke, hugeuka ikayauliza majimbo, na majimbo hayasemi kauli moja.

Tofauti hiyo ina asili ya kale. Majimbo mengi yaliwarithi Waingereza, na kwao, baada ya marekebisho ya karne ya 19 yaliyomrudishia mke haki ya kumiliki, kila mmoja katika ndoa ana milki yake, na jina lililomo katika hati ndilo linalohukumu. Kusini na magharibi, walikotawala Wahispania, na Louisiana waliyopokezana na Wafaransa, ilibaki kanuni nyingine, ya kwamba chochote kilichochumwa na mmoja wao katika siku za ndoa, ukitoa zawadi na mirathi, ni mali ya wawili hata kama jina lililoandikwa ni moja. Majimbo yenye kanuni hiyo leo ni tisa: Arizona, California, Idaho, Louisiana, Nevada, New Mexico, Texas, Washington, na Wisconsin, ambayo haikuwa na Mhispania wa kuirithi bali ilijitungia sheria yake ikaanza kutumika mwaka 1986.

Matokeo yake ni makubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mume anayekaa Ohio akiomba ufilisi peke yake, fedha zilizo katika akaunti ya mkewe, zilizotokana na mshahara wa mkewe, hazimhusu msimamizi wa ufilisi; lakini mume huyohuyo akikaa California, mali yote ya wawili, yaani ya shirika la ndoa, huingia katika fungu la ufilisi ambalo msimamizi hulishika kwa ajili ya wawia, hata akiba ya mshahara wa mke ambaye hakutia sahihi popote wala hakufika mahakamani. Texas iko kati na kati, kwani huko kila mmoja husimamia pato lake mwenyewe, nalo aghalabu husalimika kwa madeni ya mwenzake maadamu halikuchanganywa. Ila wangapi kati yetu wasiochanganya? Ni haki pia kusema kwamba majimbo hayo tisa, ambayo huchukua kwa mkono mmoja, hutoa kwa mwingine: mmoja akisamehewa madeni yake, mali ya shirika watakayoichuma baadaye hukingwa hata na wawia wa yule ambaye hakuomba, kwa madeni yaliyokuwako siku ya ombi. Kinga hiyo hudumu maadamu ndoa inadumu. Talaka au mauti vikiingia, mwia wa zamani huweza kumrudia yule asiyesamehewa.

Kuna na umiliki wa namna ya tatu, ambao nauona kuwa ndio wa ajabu kuliko yote, nao umesalia katika baadhi ya majimbo ya asili ya Kiingereza, Maryland na Pennsylvania yakiwamo. Nyumba iliyonunuliwa na mume na mke kwa pamoja huhesabiwa kuwa haina fungu la mume wala fungu la mke, bali ni ya ndoa yenyewe. Kwa hiyo mwia wa mume peke yake hana pa kuikamatia, na mume akiomba ufilisi peke yake huweza kuikinga nyumba hiyo dhidi ya wawia wake wote, isipokuwa wale wanaowadai wawili pamoja. Msomaji ataona mara moja hatari iliyopo: mke na mume waliokuwa na nyumba salama katika jimbo kama hilo, wakaenda wakatia sahihi mkopo wa pamoja ili walipe madeni ya mume, wamemfungulia mwia huyo mpya mlango uliokuwa umefungwa.

Sasa tuje kwenye ombi lenyewe. Sheria inawaruhusu mume na mke kuleta ombi moja kwa pamoja, na ada ni moja vilevile, dola 338 katika Sura ya 7 na dola 313 katika Sura ya 13, jambo ambalo huwavuta wengi kabla hawajafikiri. Ombi ni moja, lakini watu ni wawili: kila mmoja lazima ahudhurie mafunzo ya ushauri wa madeni katika siku 180 kabla ya kuomba, kila mmoja hupimwa kwa mwenendo wake, na yamkini mmoja akasamehewa ilhali mwenzake, kwa kuficha mali, akanyimwa msamaha. Faida iliyo kubwa ya kuomba pamoja ni kwamba mali inayokingwa huongezeka. Katika orodha ya mali inayokingwa iliyowekwa na sheria ya dola, tangu tarehe 1 Aprili 2025, kila mwombaji hukingiwa dola 31,575 za thamani yake katika nyumba anayokaa, na wawili wakiomba pamoja kila mmoja huwa na fungu lake. Walakini majimbo mengi, Ohio na Maryland kati yake, yamewakataza watu wake kutumia orodha hiyo na kuwawekea yao, na si kila jimbo linaloongeza maradufu. Texas huikinga nyumba ya mjini bila kujali thamani yake, kwa sharti isizidi ekari kumi. Lakini aliyeinunua chini ya siku 1,215, yaani miaka mitatu na thuluthi, kabla ya kuomba, huwekewa kikomo na sheria ya dola, ili watu wasihamie huko kwa ajili ya kukimbiza mali.

Mimi naona kwamba ombi la mmoja ndilo linalofaa pale ambapo madeni ni ya mmoja kwelikweli. Au pale ambapo mwenzake alikwisha kusamehewa kwa Sura ya 7 katika kesi aliyoifungua kabla ya miaka minane kutimia, kwani hawezi kusamehewa tena kwa sura hiyo. Au ambapo ni hekima jina moja katika nyumba libaki safi, maana kumbukumbu ya ufilisi huweza kukaa miaka kumi katika taarifa za mikopo. Lakini kuomba peke yako hakumfanyi mwenzako kuwa mgeni. Wakikaa nyumba moja, pato la yule asiyeomba huhesabiwa katika kipimo kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, kipimo kinachoamua nani apite katika Sura ya 7, ingawa huruhusiwa kutoa kile anachokitumia kwa haja zake mwenyewe na ambacho hakifiki katika matumizi ya nyumba. Na deni walilolitia sahihi wote wawili, mmoja akisamehewa, humwangukia mwingine kwa ukamilifu wake. Ni katika Sura ya 13 tu ambapo mdaiwa mwenza naye hupata kivuli, mwia akazuiwa kumfuata kwa madeni ya matumizi ya nyumbani wakati kesi inaendelea, na kwa kadiri mpango unavyolilipa deni lile.

Kwa hiyo kazi ya kwanza, kabla hata ya kumlipa wakili, ni kukaa na karatasi zote mezani na kuuliza juu ya kila deni: nani ametia sahihi? Aliyepewa kadi ya mkopo ya mwenzake aitumie tu, bila ya kuwa ameahidi kulipa, kwa kawaida si mdaiwa. Aliyeiomba pamoja na mwenzake ni mdaiwa. Kodi ya mapato iliyojazwa kwa pamoja ni ya wote wawili. Deni la hospitali ni la kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu majimbo mengi humdai mume au mke gharama za matibabu ya mwenzake hata pasipo sahihi.

Nimechelewa kufika katika jambo ambalo ndilo linalowaponza watu wetu hasa, nalo ni mali ya nyumbani Afrika. Sheria inataka mwombaji ataje kila alicho na haki nacho, popote kilipo na mikononi mwa yeyote kilipo; na kiwanja cha Kigamboni kilichonunuliwa kwa fedha zilizotumwa kutoka Dallas, kikaandikwa jina la kaka, huenda bado ni mali ya mwombaji kwa sehemu yake, na kukiacha nje ya orodha ni kiapo cha uwongo ambacho adhabu yake yafika kifungo cha miaka mitano. Mawakili wa huko aghalabu hawaulizi juu ya viwanja vya ng'ambo, na watu wetu hawajibu wasiloulizwa. Hivyohivyo fedha alizotumiwa mama kwa ukarimu katika miaka miwili iliyopita, wakati mtumaji alikuwa hana uwezo wa kulipa madeni yake, huweza kudaiwa zirudishwe, na mjomba aliyelipwa mkopo wake katika mwaka wa mwisho kabla ya ombi, ilhali benki zinangoja, huweza kutakiwa arejeshe alicholipwa. Kumlipa ndugu kwanza, ambako kwetu ni uungwana, huko huhesabiwa kuwa ni kuwapunja wawia wengine.

Upatu nao una hesabu yake. Mke aliyekwisha kupokea zamu yake ana deni la michango iliyosalia, na wenzake ni wawia wake, wa kuandikwa majina yao kama benki. Ambaye zamu yake haijafika ana haki ya kudai, nayo ni mali. Kadhalika mirathi: chochote ambacho mwombaji atastahiki kukirithi ndani ya siku 180 baada ya kuomba huingia katika fungu la ufilisi. Nasi tunajua kwamba kwa sheria ya Kiislamu haki ya mrithi hupatikana kwa mauti, wala haingoji mgawanyo. Kwa hiyo mtoto wa marehemu wa Lamu, aliyeko Minneapolis, ambaye nyumba ya babake imekaa miaka bila kugawanywa, asiseme kwamba hajarithi, na atakayefiwa na mzazi mwezi wa tatu baada ya kuomba hana budi kuipa mahakama habari, hata kama ndugu zake hawana nia ya kuuza.

Limebaki la nikahi na talaka, nitalipitia kwa ufupi. Ombi la pamoja ni la mume na mke wanaotambuliwa na sheria ya jimbo. Waliooana mbele ya sheikh bila ya leseni ya serikali, katika majimbo mengi hawatambuliwi, na kila mmoja itambidi aombe peke yake, ingawa Texas hukubali ndoa isiyo na hati kwa wale waliokubaliana kuwa mume na mke, wakaishi pamoja huko, na kujitambulisha hivyo mbele ya watu. Ama talaka, hukumu inayosema mume ndiye atakayelipa kadi fulani haimfungi mwia wa kadi hiyo, ambaye bado huweza kumdai mke aliyetia sahihi. Matunzo ya mtoto na ya mtalaka hayafutwi na sura yoyote. Ahadi nyingine za mgawanyo wa mali na madeni kati ya watalaka hazifutwi katika Sura ya 7, lakini katika Sura ya 13 huweza kufutwa. Wanaoelekea kuachana huku wanaomba pamoja wajue pia kwamba wakili mmoja aliyewachukua wawili hana siri ya mmoja kwa mwingine, na maslahi yao yakigongana itampasa aiache kesi, pengine katikati, baada ya ada yake kulipwa. Wenye ugomvi ni bora waende kwa mawakili wawili tangu siku ya kwanza, ijapokuwa gharama ni mbili. Na yatakayowakuta mbele ya msimamizi, katika ule mkutano unaoitwa wa wawia, nitayaeleza katika sehemu ya tatu, inshallah.